Kabla hamjafuta faili la awali la rekodi ya televisheni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu makala ya ushauri wa teknolojia iliyotoka gazetini wiki iliyopita, iliyowaelekeza wasomaji namna ya kurekodi vipindi vya televisheni vya ubora wa juu kwa kompyuta ya nyumbani. Mengi yaliyomo ni sahihi, na mwandishi ameeleza vizuri jinsi ya kuchomeka kipokezi cha antena kwenye tundu la USB na kupanga saa za kurekodi. Kilichonifanya nishike kalamu ni sentensi yake ya mwisho, inayomwambia msomaji kwamba rekodi ikishakamilika aigeuze mara moja kuwa MP4 ndogo, kisha afute faili la awali ili kuokoa nafasi. Ushauri huo niliwahi kuufuata mwenyewe, na hadi leo naujutia.

Mpwa wangu alikimbia mzunguko wa tatu katika mbio za kupokezana vijiti zilizoonyeshwa moja kwa moja, nami nikazirekodi. Kipindi cha saa mbili kilichukua zaidi ya gigabaiti 10, nikaona ni mzigo. Programu ya kugeuza niliyokuwa nimeipakua ilikuwa na kitufe kimoja kikubwa. Nikakibofya, nikaenda kulala. Asubuhi nilikuta faili dogo, nikatazama dakika ya kwanza, ambayo haikuwa na lolote zaidi ya mtangazaji aliyeketi ametulia nyuma ya meza, nikaridhika na kulifuta lile kubwa. Jioni jamaa walipokusanyika kutazama ndipo aibu ilipotupata. Kila mkimbiaji alipokatiza mbele ya kamera, miguu yake ilichanika ikawa michirizi ya mlalo mfano wa meno ya kitana, na kijiti chenyewe, pale kinapotoka mkono huu kwenda mkono ule, kilionekana kuwa viwili, kimoja kama kivuli cha mwenzake.

Sababu yake inafaa ielezwe kwa kirefu, kwa kuwa makala haikuigusa kabisa. Stesheni nyingi zinazorusha picha ya nukta 1920 kwa 1080 hazirushi picha nzima nzima. Hurusha nusu mbili zinazopishana: kwanza mistari ya witiri, kisha mistari ya shufwa, na kila nusu imenaswa kwa wakati wake, moja ikiitangulia nyingine kwa sehemu ya 50 ya sekunde, au sehemu ya 60 katika nchi kama Marekani na Japani. Herufi «i» katika 1080i, jina la mfumo huo wa picha, inamaanisha upishanaji huo. Runinga za zamani za kioo cha mgongo zilizichora nusu hizo kwa zamu, na jicho halikung'amua. Runinga za leo zina saketi ya kuziunganisha kwa akili kabla ya kuzionyesha. Kompyuta si mara zote hufanya hivyo bila kuagizwa. Ikizibandika nusu mbili pamoja kama vile zimepigwa wakati mmoja, kitu kilichotulia, mathalani yule mtangazaji wangu mezani, hutoka safi kabisa, lakini kinachokwenda kasi huwa kimeshahama kati ya nusu ya kwanza na ya pili, na hapo ndipo meno ya kitana yanapozaliwa.

Programu yangu ilizidisha kosa kwa kuipunguza picha kutoka mistari 1080 hadi 720 bila kwanza kuzitenganisha nusu. Laiti ingeiacha mistari 1080 ilivyo, ningeweza baadaye kuichambua, witiri kando na shufwa kando, hata kwa kichezeshi cha kawaida kama VLC ambacho kina uwezo huo. Ikishapunguzwa, mstari wa witiri umekorogwa na wa shufwa, na hakuna programu ya kuirudisha ilivyokuwa. Kwa hiyo utaratibu ni kutenganisha kwanza, kupunguza baadaye. Na kwa michezo, kila nusu ijengwe kuwa fremu, yaani picha moja, iliyo kamili, zipatikane fremu 50 kwa sekunde badala ya 25, vinginevyo mwendo wa mkimbiaji utaonekana unadundadunda.

Jambo la pili ni neno lenyewe «kugeuza», ambalo makala ililitumia kwa shughuli mbili zisizofanana hata kidogo. Kinachotoka hewani huja kama mkondo uliokatwa katika vipakiti vya baiti 188, kila kimoja kikianza na namba ileile, ili kipokezi kilichopoteza mawimbi katikati kiweze kuudaka tena. Mpangilio huo unafaa sana kwa antena, ila baadhi ya vichezeshi hushindwa kuurusha mbele na nyuma. Dawa yake ni kubadilisha kasha tu, yaani aina ya faili inayobeba picha na sauti: picha na sauti zinahamishwa jinsi zilivyo hadi kwenye kasha la MKV au MP4. FFmpeg, programu ya bure iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, huifanya kazi hiyo kwa dakika chache, na hakuna nukta hata moja ya picha inayobadilika. Huku ni kuhamisha nguo kutoka sanduku moja hadi jingine. Kusimba upya, yaani kuibana picha yenyewe kwa mara nyingine, ni kuzifumua nguo na kuzishona ziwe ndogo, na vipande vilivyokatwa hutupwa.

Tena nguo zenyewe zimekwisha kupunguzwa kabla hazijatufikia. Picha ya 1920 kwa 1080 isiyobanwa kabisa, kwa fremu 25 kwa sekunde, huhitaji takriban gigabaiti 280 kwa saa. Katika mfumo wa utangazaji wa dijitali wa ATSC unaotumika Marekani, mkondo mzima wa masafa ya stesheni moja hubeba megabiti 19.39 kwa sekunde, yaani gigabaiti zisizofika 9 kwa saa. Mtu anayesimba upya anabana kilichobanwa, na kila doa lililoachwa na mbano wa kwanza, mbano wa pili hulihesabu kuwa ni sehemu ya picha na kulitumilia biti zake.

Sisemi watu wasisimbe. Rekodi za MPEG-2, namna ya zamani ya kubana picha, ni kubwa kweli, na kodeki (kanuni ya kubana picha) ya H.264 iliyoidhinishwa mwaka 2003, au H.265 ya mwaka 2013, huzipunguza vizuri mtu akiwa na subira. Katika programu kama HandBrake ni heri kuchagua kiwango cha ubora, na si ukubwa wa faili, akikumbuka kwamba namba zake zinakwenda kinyume na matarajio: ndogo ndiyo bora, na kwa H.264 mimi hukaa kati ya 18 na 20. Usimbaji unaofanywa na kadi ya picha ni wa haraka mno, lakini kwa ubora uleule mara nyingi faili huwa kubwa kuliko lile la usimbaji wa polepole wa prosesa.

Wapo pia wanaosimba kipindi kizima kwa sababu tu wanataka kuondoa matangazo ya biashara, jambo lisilohitajika. Fremu nyingi huhifadhi tofauti tu kati yake na jirani zake, na zile zinazojitegemea hutokea mojamoja kila baada ya muda mfupi. Ukikata kwenye fremu inayojitegemea, hakuna cha kusimba. Hasara yake ni kubakiwa na nusu sekunde ya tangazo la sabuni, nami nimeshazoea. Na anayeona flashi yake inakataa faili kubwa asidhani rekodi imeharibika: flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili linalofika gigabaiti 4, na kuifomati kwa mpangilio wa exFAT huondoa tatizo hilo.

Kuhusu sheria nitagusia tu. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1984 kwamba kurekodi kipindi nyumbani ili ukitazame baadaye ni matumizi ya haki. Sheria za nchi nyingine zinatofautiana, na kufungua chaneli iliyofungwa kwa usimbaji fiche ni suala jingine kabisa.

Ombi langu ni kwamba mwandishi wa safu airekebishe ile sentensi. Msomaji ahamishe kasha kwanza, asimbe nakala kama anahitaji, aitazame nakala hiyo mahali penye mwendo wa kasi na si pale penye mtangazaji aliyeketi, ahakikishe midomo na sauti vinakwenda pamoja hadi dakika ya mwisho, na baada ya hapo ndipo aamue kuhusu faili la awali. Mimi nilijaribu programu za kurejesha mafaili, lakini diski ilikuwa imeshinda siku nzima ikirekodi vipindi vingine, navyo vikaandikwa juu ya zile mbio. Dada yangu, mama wa yule mkimbiaji, bado huniuliza kama nakala kubwa haikubaki mahali popote.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi