Five Iron Frenzy wamerudi, mbe!

Moshi,
18 Februari 2012

Ndugu yangu Tromboni,

Shimboni, mbe. Sisi huku wazima, mama anakusalimu, masika tunayasubiri. Habari nyingine utazipata kwa dada yako. Mimi nimeshika kalamu kwa jambo moja tu: Five Iron Frenzy, ile bendi yetu ya ska ya Marekani, wamerudi!

Novemba nilipokutumia meseji ulinijibu kwamba bendi ikifa imekufa. Haya, sikiliza. Kwenye tovuti yao iliwekwa saa inayohesabu kurudi nyuma. Nami kila nikipata hela ya intaneti kafe nakwenda kuichungulia, kama mwendawazimu. Ikafika sifuri tarehe 22 Novemba. Unaikumbuka tarehe hiyo? Ndiyo waliyopiga shoo ya kuagana mwaka 2003, pale ukumbi wa Fillmore, Denver, ile tuliyoisikiliza kwenye CD ya yule mwalimu wa kujitolea mpaka ikaanza kurukaruka. Miaka minane kamili, bila kupungua hata siku!

Siku hiyo hiyo wakatoa wimbo mpya bure, wakaomba mashabiki wawachangie albamu kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha. Waliomba dola 30,000. Saa moja haikuisha, zikatimia. Mchango ulipofungwa mwezi uliopita ulishavuka dola 200,000, yaani zaidi ya milioni 300 za madafu. Wewe umewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi, unajua shughuli ya kukimbizana na watu walioahidi elfu hamsini. Hawa hakuna aliyewapigia simu, na wanalipia muziki ambao bado haujarekodiwa.

Reese Roper anaimba, Leanor Ortega yupo na saksafoni yake, na mtu wako Dennis Culp yuko kwenye tromboni. Lakini aliyenifurahisha kuliko wote ni Scott Kerr. Aliondoka mwaka 1998, bendi ikaendelea bila yeye, gitaa lake likapata mtu mwingine. Sasa karudi, na hakudai gitaa. Kashika besi. Nilipoisoma habari hiyo nikacheka peke yangu, mhudumu wa kafe akanitazama vibaya.

Vijana wa matarumbeta nimeshawasikilizisha. Mwanzoni walidhani ni reggae iliyokatika breki. Ikabidi niwaeleze kwamba ska ndiyo iliyotangulia, kule Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950, reggae ikazaliwa kutoka humo, na hawa wa Denver wakaja kuichanganya na punk, ile roki ya kasi na kelele. Walipoambiwa kwamba ni Wakristo wanaopiga fujo hiyo, ubishi ukahamia kwenye teolojia, nikawaacha. Kiongozi wetu mzee alisikiliza wimbo mzima amefumba macho, kisha akauliza swali moja tu: "Hawa wanasoma nota?"

Mimi bado nasema kinachotushika ni upepo. Ukiyatoa matarumbeta mle ndani, inabaki kelele ya magitaa ambayo nisingeivumilia dakika mbili. Sisi tulilelewa na tarumbeta za Kilutheri tulizorithi kwa wamisionari wa Kijerumani, halafu Jumamosi tunazipandisha kwenye pikapu kumsindikiza bibi harusi. Mtu wa namna hiyo akisikia tromboni inakimbizana na ngoma, miguu haimwombi ruhusa.

Kwenda kuwaona Marekani tusidanganyane. Viza, nauli, basi.

Sasa shida yangu. Kwaresima inaanza Jumatano, Pasaka ni tarehe 8 Aprili, na mdogo wangu anafunga ndoa Jumamosi inayofuata, tarehe 14. Tutampigia matarumbeta kutoka kanisani, tuzunguke Mnara wa Saa, mpaka ukumbini. Nataka uwepo. Tromboni ina mtu siku hizi, kijana wa Majengo, anajitahidi, na simwondoi kwa ajili yako. Ila besi haina mpigaji tangu Krismasi, lile dubwana la shaba limelala tu stoo ya kanisa.

Najua utasema mapafu yako yameshazoea hewa ya Dar. Njoo wiki moja kabla, tutakufanyisha mazoezi hadi yakumbuke. Nijibu mapema tafadhali, kwa sababu vali moja ya hiyo besi imekwama na sitaki kumlipa fundi bure.

Wako,
Tarumbeta ya Pili