Kwa mdogo wangu aliyehamia Goma: wikendi ya mvua, bustani ya mawe, mbwa na tele ya chogo

Mdogo wangu,

Lubumbashi ulizoea mvua inayoanza Novemba na kuisha Aprili, udongo mwekundu unaong'ang'ania viatu, na kichuguu nyuma ya nyumba cha kuchimbia udongo wa bustani. Goma sahau hayo. Hapo mvua inaanza Septemba na kwenda hadi Mei, na chini ya parsele (kiwanja) uliyoachiwa hakuna udongo. Kuna lava iliyoshuka kutoka volkeno ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, ikakatiza mji hadi ziwani. Kwa hiyo ukifungiwa ndani na mvua Jumamosi na Jumapili, wewe na bustani, mbwa na ile tele ya chogo, mengi unayoyajua yatakudanganya. Maji unayoyataka yanazama kabla hujayatumia. Hewa mbaya usiyoitaka ndiyo inayobaki juu ya lava, mashimoni.

Anza na tele, maana ndiyo yenye haraka. Usiizime tu: ichomoe ukutani, pamoja na waya wa anteni ulio nyuma ya dekoderi. Sake, kilomita zisizofika 30 kutoka hapo, na Kabare ya kule Bukavu, zimo katika orodha ya mahali panapopigwa radi zaidi duniani. Na radi haina haja ya kupiga bati lako; ikipiga nguzo ya mtaa wa pili inakuja yenyewe kwa waya. Hesabu kutoka mwanga hadi ngurumo, kila sekunde 3 ni kilomita 1. Chomoa wakati hesabu bado inapita 30. Ikishashuka chini ya hapo usiuguse tena waya wa anteni, hasa kama mlingoti wake ni bomba la chuma lililosimama juu ya paa.

Kisha maji. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 5 kwa 8 likipata milimita 10 linatoa lita 400. Toa sehemu moja ya tano inayoruka na kumwagika, unabaki na 320, yaani bidoni 16 za njano za lita 20. Lakini lita 20 hadi 40 za mwanzo zimwage, zimebeba vumbi, mavi ya ndege na kutu. Na kuna jambo ambalo Lubumbashi halipo: Nyiragongo ikitoa moshi mwingi, mvua inayopita ndani ya moshi huo inashuka na uchachu na floridi. Upepo huusukuma mara nyingi upande wa magharibi, ila haukuandikiana mkataba na mtu. Uchachu ndio unaokula bati na misumari yake mapema. Floridi haiondoki kwa kuchemsha. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo unazidi kuikoleza. Mtoto anayeinywa miaka mingi meno yanamtoka na madoa ya kahawia. Maji ya bati basi ni ya kufulia, kudeki na bustani. Ya kunywa chota kwingine, na mbwa naye mpe hayo hayo unayokunywa wewe.

Sasa bustani. Usipoteze nguvu kupigana na lava kwa jembe. Wenyeji wanajenga tuta juu yake: mawe yanapangwa duara au mstari, udongo ulionunuliwa unamwagwa ndani, kina kisipungue sentimita 30. Lakini udongo huo unaletwa kwa chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma) au kwa gari na unalipiwa, kwa hiyo kwa parsele ndogo gunia ndilo lenye akili zaidi. Chukua gunia la kusukwa la mchele, la kilo 50. Changanya ndoo 2 za udongo kwa ndoo 1 ya samadi iliyooza, ile isiyonuka tena na isiyo na joto ndani. Lisimamishe juu ya mawe bapa matatu ili kitako kisilale kwenye maji. Halafu tafuta kopo la maziwa ya unga la kilo 2 na nusu, ulikate mifuniko yote miwili. Liweke katikati ya gunia, lijaze kokoto za lava zenye ukubwa wa yai, mwaga udongo kulizunguka hadi ukingoni, kisha livute juu taratibu, kokoto zibaki zimesimama. Jaza tena, vuta tena, mpaka juu. Hiyo nguzo ya mawe ndiyo koo la gunia. Wengi wanaiacha kwa uvivu, kisha wanashangaa lengalenga (mchicha) ya juu inaoza mizizi huku ya chini inanyauka kwa kiu, wakati mvua haijakatika wiki nzima.

Usipande siku hiyo hiyo. Liache siku 3 au 4 udongo ushuke, maana ukitoboa mapema, mashimo yanahama na miche inaning'inia nje kwa mizizi. Mashimo yaachane sentimita 20, yapishane kama meno ya msumeno, na kila moja lipate mche wenye majani manne. Lengalenga na shu (kabeji) ubavuni, poaro (liki) na seleri juu. Mvua ikizidi, majani ya chini yataanza kuwa njano kabla ya ya juu. Huo si ugonjwa. Maji yameosha chakula cha mmea na kukipeleka chini kwenye lava ambako hakuna mzizi utakaokifuata. Loweka kilo 2 za samadi katika ndoo ya lita 20 kwa wiki moja, chuja, changanya kopo 1 kwa makopo 3 ya maji, umimine kwenye nguzo ya kokoto, si juu ya majani utakayoyala.

Nyanya, nitasema wazi, kwa mvua ya Goma ni shida ya kujitafutia. Baridi na unyevu vinaleta baka chelewa: doa la kahawia lenye ukingo kama limelowa maji, na asubuhi ukigeuza jani unakuta ukungu mweupe chini yake. Likishafika hapo dawa ya shaba haikuokolei jani hilo, kazi yake ni kukinga yale ambayo bado mazima. Ukizitaka sana, zifunike kwa paa la plastiki angavu lililo wazi pembeni, kata majani yote ya sentimita 30 za chini, tandaza nyasi ili matone yasirushe udongo juu, na usiziweke palipokuwa na viazi, maana baka ni lile lile. Majani yenye ugonjwa yachome. Konokono je? Jivu linawazuia likiwa kavu tu. Mvua moja na limekwisha. Laza ubao uliolowa kando ya tuta jioni, uugeuze alfajiri, utawakuta wamelala chini yake kama wageni wa harusi.

Jumamosi asubuhi ni salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Ukizibua mfereji wa mbele ya parsele, ule mchanga mweusi laini utakaoutoa usiumwage kwenye tuta. Ni vumbi la mawe lililochanganyika na uchafu wa mtaa na mafuta ya pikipiki.

Mbwa sasa, na hapa sitaki uende haraka. Kibanda chake kiko kwenye kile kishimo cha nyuma kwa kuwa upepo haufiki. Kihamishe leo. Goma na pembeni mwa ziwa, hasa upande wa magharibi wa mji, kuna mahali ambapo hewa ya kaboni dayoksaidi inapanda kutoka kwenye nyufa za lava. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatuama kwenye mabonde na mashimo kama maji kwenye bakuli. Wenyeji wanaiita mazuku. Haina rangi, haikugongi pua, na inazidi usiku na alfajiri wakati kuna baridi na upepo umelala. Mtu mzima akisimama kichwa chake kiko juu yake. Mbwa, mbuzi na mtoto anayetambaa wako ndani yake. Ukikuta mijusi, panya au ndege wamekufa mahali pamoja bila jeraha, pakimbie. Wenye kupima kwa mshumaa wanaufunga kwenye mti mrefu na kuushusha wao wakiwa wamesimama juu. Ukizimika, hapo hewa tayari inaua. Usiiname kuangalia kwa nini umezimika, na asiyezimikiwa asidhani amepewa cheti: usiku wa manane hali ni nyingine.

Kibanda kikae palipoinuka, sakafu ya mbao iwe juu ya ardhi sentimita 15, mlango uangalie mbali na upande mvua inakotoka. Tandika nyasi kavu, si matambara. Tambara likilowa linashika baridi mpaka kesho. Akirudi kutoka nje mkaushe katikati ya vidole, kisha gusa nyayo moja moja: lava inakata kama chupa, na jeraha dogo lililolowa siku mbili linaanza kunuka. Masikio pia, tikisa kidogo unuse. Kupe wanajificha chini ya mkia na nyuma ya sikio. Madimbwi ya mfereji yana mkojo wa panya, usimwache ayanywe. Bugali na sambaza (dagaa wa ziwani) vinamtosha, vitunguu usimpe kamwe. (Sambaza nao ni wageni hapo kama wewe, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.) Chanjo ya kichaa ni kila mwaka.

Jioni, radi ikishaondoka, ndipo urudi kwenye tele. Umeme ukikatika na kurudi, ngoja dakika 5 kabla ya kuchomeka, maana dakika za kwanza ndizo zinazoruka. Ikilia “ssss” na kutoa harufu kali kama ya radi, zima. Vumbi lililonaswa kwenye waya mnene wa bomba la kioo limelowa unyevu, na umeme unatafuta njia juu yake. Chomoa, iache kwenye chumba kikavu usiku mzima, futa matundu ya nje kwa brashi kavu. Usiifungue: bomba hilo hufanya kazi kwa volti kama 25,000 na linaweza kubaki na chaji siku kadhaa baada ya kuchomolewa. Ukiona mstari mmoja mweupe katikati na giza juu na chini, zima pia, kwani mstari ule unachoma kioo. Hiyo ni ya fundi. Madoa ya kijani na zambarau pembeni ni sumaku ya spika. Sogeza spika, zima nusu saa, washa tena, ule mlio wa “duum” ndio unaoyafuta.

Dekoderi inaingia kwa nyaya tatu, njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Tele yenye spika moja inataka njano na nyeupe tu. Picha ikija nyeusi na nyeupe, tafuta kwenye menyu PAL na SECAM, mifumo miwili ya kutuma rangi ya picha. Tele za zamani zilizotoka Ufaransa nyingi zinajua SECAM peke yake, na dekoderi inatoa PAL. Watu wakionekana wembamba na warefu, weka umbo la picha la dekoderi kuwa 4:3.

Na mbwa akiinuka kila unapoiwasha na kwenda kulala jikoni, hajakasirika. Transfoma ya ndani ya tele hiyo inapiga mluzi wa hertzi 15,625 muda wote tele ikiwaka. Watu wazima wengi hawausikii tena, yeye anausikia wote. Mwachie mlango wa jikoni wazi.