Fimbo imehama mkono

Columbus, Ohio

Ndugu yangu Hamadi,

Wazee wafikishie shikamoo yangu, nawe pokea salamu nyingi kutoka huku. Nimefurahi kusikia mdogo wako amepata gemu la College Football 25, la mpira wa vyuo, na kwamba mmeshaushika mpira wa Kimarekani bila kusubiri maelezo yangu. Umeuliza mbona kocha humo hana uwezo wa kumsimamisha mchezaji mtovu wa nidhamu. Nitakujibu kwa urefu, maana jambo lenyewe linanigusa.

Zamani uwezo huo ulikuwepo. Katika NCAA Football 2005, gemu la ukoo huo huo lililotoka mwaka 2004, ukiongoza timu misimu mfululizo ulikuwa unaletewa taarifa kwamba fulani amevunja kanuni. Pengine ametoroka vipindi darasani. Uamuzi ni wako: umwache, au umfungie, na umfungie kwa muda gani. Kila adhabu ilikatwa kwenye pointi zako za nidhamu, na pointi hazikutosha kumnyoosha kila mtu. Ukizidi kufumba macho, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kinakushukia: unapunguziwa nafasi za wachezaji wa ufadhili, mechi za Bowl za mwisho wa msimu unazisikia kwa wenzako.

Utamu wa ukocha ulikuwa hapo. Binamu yangu bado ana PlayStation 2 yake, na tukikutana tunalicheza hilo hilo. Tunaongoza Ohio State, timu ya chuo cha hapa Columbus, wiki ya kuwakabili mahasimu wetu Michigan, taarifa inatokea: mkosaji ni kotabeki, mrushaji wetu namba moja. Pedi iko mkononi mwangu, binamu ananisukuma bega, mfungie, mfungie. Ukimfungia, anaingia kijana wa akiba ambaye kila akirusha mbali mpira unadakwa na wapinzani. Ukimwacha, unajua deni linakua.

Sasa angalia jina la huyo unayemhukumu. Hana. Ameandikwa QB na namba ya jezi, basi. Kanuni za wakati ule zilikataza mchezaji wa chuo kulipwa, kwa hiyo gemu halikuweka majina. Lakini urefu, uzito, rangi ya ngozi na namba ya mgongoni vilifanana mno na vya kijana halisi. Kampuni inauza, chuo kinapata gawio lake, mwenye mwili hapati kitu. Na humo humo sisi tunafundishwa kumwadhibu yeye kwa kuvunja kanuni! Hili huniuma kila nikilikumbuka.

Hapa Columbus habari hiyo watu wanaijua vizuri sana. Desemba 2010 wachezaji watano wa Ohio State walifungiwa mechi tano za msimu uliofuata. Kosa lao? Waliuza vitu walivyopewa kama wachezaji, pete za ubingwa na jezi zikiwemo, na wakachorwa tatuu kwa upendeleo. Kocha wao, Jim Tressel, alikuwa ameshapata fununu kwa barua pepe tangu Aprili, akanyamaza. Mei 2011 akajiuzulu. Chuo kikafutiwa ushindi wa msimu wa 2010, na mwaka 2012 kikazuiwa kucheza Bowl. Msimu huo timu ilishinda mechi zote 12, ikarudi nyumbani. Vijana wengi waliokuwa uwanjani mwaka huo hawakuwa wameuza hata soksi. Waliotunga lile gemu la 2004 walikuwa wameliona sawasawa: kocha akificha, wanaolipa ni waliokuja baadaye.

Tena aliyewekwa kwenye jalada la NCAA Football 07 ni Reggie Bush, mchezaji wa chuo cha USC. Mwaka 2010 NCAA ikasema yeye na familia yake walipokea fedha na zawadi alipokuwa chuoni. USC ikafungiwa Bowl misimu miwili na kupoteza nafasi 30 za ufadhili, naye akairudisha tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Alirudishiwa Aprili 2024.

Kwa nini alirudishiwa? Kwa sababu dunia imegeuka. Sam Keller, aliyekuwa kotabeki wa Arizona State kisha Nebraska, alifungua kesi mwaka 2009 kuhusu sura yake kutumika kwenye magemu haya, na Ed O'Bannon wa mpira wa kikapu akafungua yake mwaka huo huo. Baada ya toleo la 2013 gemu likasimama kabisa. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kuingiza fedha kwa majina yao, na gemu liliporudi Julai 2024, kila aliyekubali kuwekwa humo alipewa dola 600 na nakala moja. Mimi naona 600 ni kidogo, lakini angalau wameulizwa.

Ndiyo maana nasema fimbo imehama mkono. Katika gemu lenu, kila mchezaji ana jambo moja analolithamini kuliko yote, pengine muda wa kucheza, pengine hadhi ya timu. Ukishindwa kumtimizia, anahama chuo. Kocha ndiye anayetishwa sasa, na kwa fedha na uhamisho hiyo ni haki.

Lakini kutoroka vipindi bado ni kosa. Kumpiga mwenzako mazoezini bado ni kosa. Naelewa ugumu: huwezi kumchukua kijana halisi, mwenye jina na mama yake, ukamtangaza kwenye skrini kwamba ameibia mtihani. Hiyo ni kumsingizia mtu. Ila ukicheza misimu minne mitano, wale halisi wote wanahitimu na wanabaki wachezaji wa kubuni. Hao ndio wangepewa makosa, na makosa yawe ya kweli, ya fedha yasiwemo. Nalitaka hilo sana, Hamadi, maana kuchagua mipango ya mechi bila kuchagua la kufanya na kijana aliyekosea ni nusu ya ukocha.

Kwa sasa mwambie mdogo wako ajaribu Road to Glory, sehemu ya gemu hilo hilo ambako yeye ndiye mchezaji, na kila wiki lazima agawe nguvu zake kati ya masomo, mazoezi na mengineyo. Aniandikie alama zake za darasani zikoje, siyo mabao tu.

Wako,
Seif