Kabla Hujalinunua Lile Sanduku

Somo yangu,

Ujumbe wako nimeupata, na picha ya lile sanduku la vifaa vya elektroniki na programu unalotaka kuwanunulia wanao nimeikuza mpaka nikasoma maandishi madogo ya ubavuni: vipande zaidi ya 200, vihisi (vipande vya kupima mwanga, joto na mengineyo) 37, kwa watoto wa miaka 8 na kuendelea. Umeniuliza ununue au uache. Acha. Sababu zake ni ndefu kidogo, kwa hiyo jitengee muda, maana jambo hili mimi sikulisoma mahali, nililigharimia.

Sanduku la namna hiyohiyo nilimnunulia mwanangu alipotimiza miaka 9. Wingi ndio ulioniponza. Nikajiambia, kwa vipande vyote hivi atacheza mpaka aote ndevu. Siku ya kwanza tukakaa mezani tuwashe taa moja tu ya LED, kile kitaa kidogo cha kielektroniki. Haikuwaka. Tukahamisha waya, haikuwaka. Tukaigeuza taa, tukabadilisha rezista (kipande kinachopunguza umeme usiiunguze taa), tukaiandika upya programu herufi kwa herufi, na kila mara kompyuta ikatutupia ujumbe mwekundu ambao hata mimi mtu mzima sikuuelewa. Saa tatu zikaisha. Alipokwenda kulala ndipo nikagundua kwamba kebo ya USB niliyoiokota kwenye droo ilikuwa ya kuchaji tu, ndani haina waya za data. Bodi, kile kibao chenye kompyuta ndogo kinachopokea programu, ilikuwa inapata umeme, kitaa chake cha kijani kinang'aa, nasi tunaamini iko hewani, kumbe programu yetu haikuwa imeingia hata mara moja. Asubuhi nikamwita kwa shangwe. Akaniambia ana shughuli nyingine. Sanduku likaenda kulala uvunguni.

Nilimlaumu yeye kwanza, kwamba hana subira. Halafu nikaona si haki. Mtoto yuleyule huanguka na baiskeli mara ishirini na bado anaipanda. Tofauti ni kwamba akianguka na baiskeli anajua kilichomwangusha. Pale mezani kosa lilikuwa na mahali pengi mno pa kujificha: kwenye waya, kwenye taa, kwenye programu, kwenye kebo, kwenye kompyuta yenyewe. Fundi huondoa kimoja kimoja mpaka alibane. Mtoto wa miaka 9 anachokiona ni kimoja tu: haifanyi kazi. Tangu siku ile, nikishika kifaa cha aina hii dukani sihesabu vipande. Najiuliza, hiki kikigoma, mtoto ataweza kuona kimegomea wapi?

Sasa tuje kwa wako wawili, na nakusihi usiwanunulie kimoja wagawane. Huo utakuwa ugomvi uliofungwa kwenye boksi.

Huyu kitindamimba wa miaka 6 mtenganishie mambo mawili: umeme peke yake, programu peke yake. Kwa umeme, mtafutie zile saketi za kubana, kama Snap Circuits. Ni vipande vya plastiki vyenye vifungo vya chuma, mfano wa vile vya koti la mtoto. Anavibana kwenye ubao, betri hapa, swichi pale, feni au spika kule. Hakuna kompyuta, hakuna kulehemu. Njia ya umeme imechorwa juu ya kila kipande, kwa hiyo ikikatika anaiona imekatikia wapi. Kitabu chake kitamwonyesha jinsi ya kujenga, na atajenga kwa kunakili, sawa. Lakini kazi yenyewe inaanza akimaliza. Mwambie atoe kipande kimoja, na kabla hajakitoa aseme nini kitazimika. Ageuze LED kinyume aone inavyokataa, kisha ageuze balbu ya kawaida aone haijali. Mfundishe pia mapema kwamba ncha mbili za betri zikiunganishwa kwa waya mtupu bila taa wala mota katikati, betri hupata moto. Hilo asiligundue peke yake.

Utaona pia vile vinavyoshikana kwa sumaku, littleBits na jamaa zake. Ni vizuri kutazama, na ukiviweka kinyume sumaku zinasukumana, hutaweza kuviunga vibaya. Wengi hulisifu jambo hilo. Mimi ndilo lililonipoza. Mtoto asiyeweza kukosea atapata wapi nafasi ya kutafuta kosa?

Kwa upande wa programu, usinunue kitu kwa sasa. Ipo ScratchJr, ya bure, iliyotengenezwa kwa watoto wa miaka 5 hadi 7, ambao kusoma bado kunawasumbua: anapanga vijipicha kwenye kishikwambi na paka anatembea. Akishatimiza 8 hivi atahamia Scratch yenyewe, iliyotoka MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2007, nayo pia ya bure, na kwenye orodha ya lugha zake Kiswahili kimo. Hapo kosa haliwezi kuwa kwenye waya kwa sababu waya hakuna.

Mkubwa wa miaka 11 ndiye ningempa micro:bit, na hapa niache niseme sana maana ndiyo iliyomrudisha mwanangu mezani. Ni bodi ndogo ya takriban sentimita 4 kwa 5. BBC waliitengeneza kwa ajili ya shule, na mwaka 2016 wakaigawa bure kwa wanafunzi wa Uingereza wapatao milioni moja. Mbele ina taa 25 zilizopangwa tano kwa tano, na vitufe viwili, A na B. Ndani ina kihisi cha mtikisiko, dira, na redio ndogo ya kuzungumza na mwenzake. Toleo la pili la mwaka 2020 likaongezewa spika na maikrofoni. Maana yake siku ya kwanza mtoto hashiki waya hata mmoja. Anaandika programu, inaingia kwenye bodi, anaitikisa, na jina lake linapita kwenye taa.

Lakini kilichoniteka mimi ni kingine. Ukifungua MakeCode, tovuti ya kuandikia programu za micro:bit, kwenye kompyuta, pembeni ya mahali pa kupangia amri pana micro:bit ya kuchorwa inayofanya kazi kama ya kweli. Mtoto akipanga amri zake, ile ya kwenye skrini inazitii palepale. Ikitii hii ya skrini na ile ya mkononi ikakataa, basi programu haina kosa. Tazama kebo, tazama betri, tazama waya. Zikikataa zote mbili, rudi kwenye amri zako. Laiti ningekuwa na kitu hicho usiku ule wa kebo! Na faida nyingine kwako: ile ya skrini ni bure. Mwache mwanao aichezee wiki mbili kabla hujatoa hela yoyote. Akiichoka, umejiokoa.

Ukiweza, nunua mbili. Kwa redio yao zinatumiana ujumbe bila intaneti wala simu, mradi zimepewa namba moja ya kundi. Mwanangu alificha moja ndani ya droo yake na nyingine akaweka mfukoni. Droo ikifunguliwa ile ya ndani inatikisika, ya mfukoni inalia. Mtu wa kwanza kunaswa nilikuwa mimi, nimekwenda kutafuta mkasi. Nilijitetea vibaya sana.

Pamoja na bodi, hakikisha unapata kebo ya data (unajua sasa kwa nini), kikasha cha betri mbili za AAA ili aweze kutembea nayo, na waya chache zenye vibanio vya meno. Bodi ina matundu matano makubwa ukingoni, anabana hapo tu, halehemu chochote. Zile seti za nyongeza zenye magari na mikono ya roboti zisubiri mpaka aje mwenyewe na wazo linalozihitaji.

Arduino, bodi nyingine ya kuandikiwa programu, umeitaja, na najua shemeji anaipenda. Nami naipenda. Ila ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wa chuo cha usanifu, na bado inaonekana ilikotoka. Kuwasha taa moja nyekundu kwenye Arduino Uno unahitaji rezista: bodi inatoa volti 5, taa inachukua kama 2, zinazobaki 3 ukizigawa kwa omu 220 unapata miliampia 14 hivi, taa inapona. Kwa anayejua kugawanya na anayejali, hesabu hiyo ni tamu. Kwa anayetaka taa iwake tu ni kizingiti, na bado hajafika kwenye programu yenyewe, ambayo nukta-mkato moja ikisahaulika inakataa yote. Miaka 12 au 13, baada ya micro:bit, atakuwa tayari. Raspberry Pi iache kabisa kwa sasa. Hiyo ni kompyuta kamili inayodai skrini na kibodi zake, na wewe kompyuta unayo.

Kuhusu yule roboti mwenye macho uliyeniwekea mwishoni mwa ujumbe wako: anapendeza, lakini soma vizuri kama anaweza kufanya kazi bila kujisajili, bila intaneti na bila simu ya aina fulani. Wengine roho yao yote iko kwenye programu ya kampuni. Kampuni ikifunga, au simu yako ikizeeka, roboti mzima anageuka pambo la kabatini. Hilo nimelishuhudia kwa jirani, na kilio cha mtoto nilikisikia pia.

Jambo la betri sitalichekea. Katika seti nyingi za bei ndogo kuna betri bapa za mviringo, mfano wa sarafu. Mtoto mdogo akimeza moja ikamkwama kooni, inaweza kuunguza ndani kwa muda wa saa mbili tu. Kwa kuwa kitindamimba wako bado hutia kila kitu mdomoni, chukua vifaa vya betri za kawaida, au ambavyo kifuniko chake hufungwa kwa skrubu. Na akihisiwa kameza, hospitali moja kwa moja, msingoje dalili.

Mwisho, mikono yako. Nikikumbuka zile saa tatu, waya nyingi niliziunga mimi, yeye alikuwa akitazama. Siku za micro:bit nilikalia mikono yangu kwelikweli, na nilikuwa naumia.

Basi jioni ya leo mfungulie mkubwa ile ya kwenye skrini, umwache, halafu uniandikie alichokionyesha kwenye zile taa 25 kabla hajaambiwa la kufanya. Wangu alichora uso ulionuna. Lile sanduku langu nalo limetoka uvunguni mwaka huu. Ana miaka 13 sasa na ameanza kulichokonoa. Kati ya vile vihisi 37, vitatu havionekani na kimoja kilitoa moshi. Akishamaliza navyo nitakuletea vilivyobaki.

Nisalimie shemeji, na umwambie Arduino yake sijaitukana.

Wako,
Somo