Nasadiki: neno lililonikwama kooni

Mpendwa Mama Kichanga,

Tumsifu Yesu Kristo! Umeona? Sijaanza hata barua, mkono umeshaandika wenyewe. Haya, salamu nyingi sana kwako na kwa baba mtoto, na ukitaka kujua hali yangu mimi sijambo, namshukuru... basi, nashukuru. Kiswahili chetu hakimwachii mtu kama mimi pa kupita. Nikisema "tutaonana kesho" nikaishia hapo, bila "Mungu akipenda", watu wananitazama kama nimetukana.

Najua umeninunia, na una haki. Ujumbe wako niliupata siku ile ile, nikausoma mara tatu, nikakuandikia "nimeuona, nitakujibu", kisha nikanyamaza wiki tano. Profesa kaniambia umemuuliza kama naumwa. Siumwi. Umeniomba niwe mama wa ubatizo wa binti yako na mimi nimekosa jibu, ndiyo hivyo tu. Wala si kwamba mtoto simtaki. Ile picha anayopiga miayo nimeivuta na kuivuta mpaka nimeanza kumhesabu kope. Kinachonikwama ni neno moja.

Unalijua. Padre atatuuliza kama tunamkataa Shetani, na hapo sina taabu, Shetani namkataa hata nisipoulizwa. Halafu atauliza kama tunasadiki kwa Mungu Baba. Kisha kwa Mwana. Kisha kwa Roho Mtakatifu, pamoja na Kanisa na ufufuko na uzima wa milele. Kila mara jibu ni "Nasadiki". Na mimi nitakuwa nimesimama pale, mkono begani mwa mtoto, nikilisema mara tatu mbele yako. Sisadiki, mwenzangu. Au niseme vizuri: sijui kama nasadiki. Ni miaka minne sasa nafika misani nikichezesha midomo tu, kama mtu aliyesahau beti la pili.

Usianze kulia. Sijasema Mungu hayupo. Anayesema hayupo ni mkanamungu, na wapo watu wazima na akili zao wanaosema hivyo, nawaheshimu, lakini uhakika wao sina, kama nisivyo na wako. Mimi niko kwenye "sijui", na si "sijui" ya uvivu. Kuna Mwingereza, Thomas Huxley, mtaalamu wa viumbe aliyemtetea sana Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi. Alikuwa kwenye chama cha mijadala ambacho kila mwanachama alikuwa na jina la msimamo wake isipokuwa yeye, akajiona kama yule mbweha aliyekatwa mkia akikaa kati ya wenye mikia. Mwaka 1869 akajitungia mkia wake: agnostiki, mtu anayesema jambo hili silijui na sitajifanya nalijua. Darwin mwenyewe, miaka kumi baadaye, aliandika katika barua kwamba hilo ndilo jina lililomfaa zaidi.

Mimi nichukue jina gani? Kafiri? Mpagani? Hayo si majina, ni mawe ya kumrushia mtu. Na wala hakuna anayeniuliza kama nasali. Wanauliza "unasali wapi?" Yaani mambo yote yamekwisha kuamuliwa, limebaki jengo tu. Nami hulitaja jengo letu la zamani, maongezi yakaendelea. Nimelitaja mara ngapi sijui. Kila nikilitaja najiona mdogo kidogo.

Utataka kujua imeanzia wapi, na najua tayari unawaza msiba wa mjomba, alivyonyimwa misa kwa sababu michango yake ilikuwa na mapengo. Hapana. Siku ile nilikasirika, nilikasirika mpaka nikatetemeka, lakini kumkasirikia mhudumu ni jambo moja na kumshuku aliyemtuma ni jingine. Ingekuwa hasira tu ningehama, kama wanavyohama wengine, nikatafuta mahali wanakopiga makofi zaidi na kudai michango kwa sauti tamu zaidi. (Nao wanadai, usidhani hawadai.)

Ilianza pale mimbarini, wakati ule nasoma masomo. Ilikuwa misa ya asubuhi ya katikati ya wiki, watu hawafiki kumi na tano, nusu yao wanasinzia. Somo lilikuwa la Waamuzi sura ya 11, habari za Yeftha. Anamwekea Mungu nadhiri kwamba akirudi salama kutoka vitani, yeyote atakayetoka mlangoni kwake kumlaki atamtoa sadaka ya kuteketezwa. Anashinda. Anayetoka ni binti yake, mtoto wa pekee, anacheza na matari. Na nadhiri inatimizwa. Nikasoma mpaka mwisho kwa sauti ile tuliyofundishwa, nikainua macho, nikasema "Neno la Bwana", na wote wakaitikia "Tumshukuru Mungu".

Kisa chenyewe nilikuwa nakijua tangu utotoni. Kilichonishtua ni lile jibu. Tumshukuru kwa lipi? Nilibaki nimesimama pale mpaka mpiga kinanda akakohoa. Baada ya misa nikamuuliza padre, mzee mpole yule, hana makuu. Akaniambia wapo wanaosema binti hakuuawa, aliwekwa wakfu tu asiolewe, na kwamba kwa vyovyote Yeftha alikosea kuapa ovyo. Nikasema sawa, Yeftha alikosea, na yule aliyewahi kumzuia Abrahamu mkono kwa ajili ya Isaka, siku hiyo alikuwa wapi? Akanishika bega: "Mwanangu, sali zaidi." Nikasali zaidi. Kweli nilisali, Mama Kichanga, miezi mingi, na sikusikia kitu isipokuwa sauti yangu.

Nilipomwambia Profesa hilo (ndiyo, yeye alijua kabla yako, nisamehe, alinikuta siku mbaya) akanitupia Mama Teresa. Si unakumbuka, mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, barua zake zilitolewa, ikajulikana kwamba karibu miaka hamsini alikuwa haoni ndani yake dalili yoyote ya Mungu, giza tupu, na bado akaendelea na kazi. Mwaka 2016 wakamtangaza mtakatifu. "Kwa hiyo na wewe endelea," akasema Profesa, kana kwamba ameshinda kesi. Nimelifikiria sana hilo na silidharau. Ila Mama Teresa alikuwa akimlilia aliyeamini kwamba yupo na amejificha. Mimi simlilii aliyejificha. Mimi nauliza kama nyumba ina mtu.

Halafu mama mkwe wako! Sijui nani alimdokeza, alinivuta pembeni akanipa hesabu yake: ukiamini na yupo umepata, ukiamini na hayupo hujapoteza kitu. Nilitaka kucheka na kumkumbatia, kwa sababu hesabu hiyo hiyo aliifanya Mfaransa Blaise Pascal, mwanahisabati hasa, na ilichapishwa mwaka 1670 akiwa amekwisha kufa. Mama mkwe wako hajapata kumsikia. Sikumjibu, sina ubavu wa kubishana na yule mama, lakini nikujibu wewe: kwanza, niweke dau kwa Mungu yupi, maana walioniahidi moto ni wengi na hawaelewani? Pili, Mungu anayejua siri za mioyo, nikimwendea kama mcheza kamari atanipokea kwa lipi? Kama yupo, nadhani angependa nimwambie sijui kuliko nimdanganye usoni.

Na hapo ndipo ninaporudi kwenye kisima cha ubatizo. Kuna mtu mmoja simtoi akilini, padre wa kijijini Ufaransa, Jean Meslier. Alihudumu parokia ya Étrépigny miaka arobaini, tangu 1689 hadi alipokufa mwaka 1729. Akabatiza, akafungisha ndoa, akazika. Alipokufa wakakuta ameacha maandishi marefu kwa mkono wake akiwaambia waumini wake kwamba Mungu hayupo na dini zote ni uzushi wa watu. Wako wanaomwona shujaa. Mimi namwonea huruma, na nawaonea huruma zaidi watoto wale walioinamishwa kichwa na mtu ambaye moyoni alikuwa ameshatoka. Maji ni yale yale, nitaambiwa, na sakramenti haitegemei moyo wa anayeitoa. Sawa. Lakini siku mwanao akiwa na miaka ishirini akaniuliza, "Ma'mdogo, siku ile ulimaanisha?", nitamjibu nini?

Wewe utasema ni utaratibu tu, kila mtu anasema, nusu ya wanaosema hawajui wanachosema. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mimi nisiyejua kama naamini ndiye ninayeliona neno lile zito. Wanaoamini wanalipitisha kama nauli.

Nimeenda hata kusoma sheria za Kanisa mwenyewe, unavyonijua. Kanuni ya 874 inataka msimamizi awe ametimiza miaka kumi na sita, awe mkatoliki aliyepata kipaimara na komunyo, na awe anaishi maisha yanayolingana na imani na kazi anayoipokea. Kwenye makaratasi mimi natosha, vyeti ninavyo, hakuna atakayenikagua. Ni hicho kipengele cha mwisho, ambacho mkaguzi wake ni mimi peke yangu. Na kanuni iliyotangulia inasema msimamizi mmoja anatosha, awe mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo kaka wa mume wako akisimama peke yake mtoto hapungukiwi kitu. Simpendi sana, unajua sababu, lakini yule mtu anasadiki.

Sikimbii, lakini. Nitakuja. Nitakaa kiti cha mbele, nitasimama mkisimama, na nikinyamaza penye "Nasadiki" mimi na wewe tu ndio tutakaojua kwa nini. Kumlea nitamlea. Akiumwa usiku nipigie mimi kabla ya huyo shemeji.

Sasa niambie. Umekasirika, au umeumia tu? Maana hasira zako nazijua zinapoa, hilo la pili ndilo naliogopa. Baba mtoto umwambie au nimwambie mwenyewe? Mama yangu je, hajui lolote, na akiniona sijasimama na mtoto ataanza kuuliza, tumwambie nini? Na wewe, nikuulize kitu ambacho hatujawahi kuulizana tangu tukiwa wasichana wa kwaya: usiku ule uchungu ulipokuzidi, uliposali, ulisikia kuna mtu? Siulizi kwa kukutega. Nataka kujua inakuwaje.

Mafundisho ya wazazi na wasimamizi yanaanza lini, ili nijue una siku ngapi za kubadilisha jina kwenye fomu? Na lile gauni jeupe nimekwisha kulishona, limebaki mikono tu. Niweke mirefu au mifupi?

Wako yule yule,
Msomaji wa zamani