Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: kabla ya mashua, kagueni tuta la Bwawa la Nairobi

Kwa Waziri wa Maji, Usafi wa Mazingira na Unyunyizaji,
Maji House, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Kila serikali inayoingia hutuahidi kuturudishia Bwawa la Nairobi, na picha inayochorwa huwa ileile: maji maangavu, mashua za tanga, watoto na aiskrimu ukingoni. Wenye umri wanalikumbuka hivyo kweli. Lilijengwa 1953 liwe akiba ya maji ya jiji, kisha likawa pahali pa kupunga upepo, kuvua samaki na kushindana kwa mashua, ekari zipatazo 88 kati ya Kibera na Lang'ata. Siku hizi kinachoonekana hapo ni gugu maji, takataka na mboga zilizopandwa juu ya tope.

Sina ugomvi na mashua. Ninachouliza ni habari ya tuta, ule ukuta wa udongo unaoyazuia maji.

Maana katika hotuba zote za usafi na mandhari, tuta lenyewe halitajwi. Ukilitaja, unajibiwa kwamba bwawa limeshajaa tope, sasa maji ya kulipasua yatatoka wapi? Hoja hiyo ni nusu kweli. Maji yanayokaa pale leo ni machache kuliko ya zamani. Lakini bwawa lililojaa tope halina tena nafasi ya kupokea mafuriko. Mvua kubwa ikinyesha upande wa Dagoretti na msitu wa Ngong, Mto Motoine huyaleta maji kwa mkupuo, nayo hayapati pa kutulia. Yanakwenda moja kwa moja kwenye njia ya kutolea maji ya ziada. Njia hiyo ikizibwa na gugu, chupa za plastiki na magodoro, maji hayana budi kupanda mpaka yapite juu ya tuta. Tuta la udongo haliwezi kustahimili hilo kama ukuta wa zege. Maji hulikwangua upande wa nje, na likishaanza kumeguka ni suala la saa chache. Tope lililoloa nalo halibaki nyuma kwa adabu.

Kuna hatari nyingine, ya kimyakimya. Maji hujipenyeza ndani ya tuta kupitia mizizi iliyooza, mashimo ya fuko na vichuguu vya mchwa, yakatokea upande wa pili. Yakitoka meupe, mkaguzi huandika na kuendelea kufuatilia. Yakitoka na rangi ya udongo, ajue tuta linaliwa kutoka ndani. Kugundua hilo hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia, Mheshimiwa. Kunahitaji nyasi zifyekwe ili tuta lionekane, mhandisi mwenye gambuti, na daftari linalojazwa kila mwezi.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi zaidi, nalo ni ukarabati wenyewe. Mkizoa tope na kulijaza bwawa upya, mtalitwika tuta la zaidi ya miaka 70 mzigo ambalo halijaubeba kwa muda mrefu. Tingatinga likichimba ovyo karibu na mguu wa tuta, linalidhoofisha. Maji yakishushwa upesi mno ili kazi ianze, upande wa ndani ulioloa unaweza kuporomoka. Mkandarasi anayelipwa kwa lori za tope hana sababu ya kujali hayo. Asipewe funguo za tingatinga kabla tuta halijapimwa: udongo wake, uvujaji wake, na uwezo wa njia ya maji ya ziada kwa mvua za siku hizi, si zile za 1953.

Huko chini kuna watu. Mto ukitoka bwawani huitwa Ngong na huelekea eneo la viwanda na mitaa ya mabanda ya Mukuru. Mwaka 2024 Mukuru ilizama bila bwawa hili kupasuka. Mei mwaka huo Wizara ya Usalama wa Ndani ilitangaza kwamba mabwawa na hifadhi za maji 178 nchini zimejaa au ziko karibu kujaa, na wanaoishi jirani wakapewa saa 24 wahame. Wahamie wapi na watoto na sufuria? Na mtu wa Mukuru angejuaje kama bwawa lililo juu yake ni mojawapo ya hizo 178?

Usiku wa 9 Mei 2018, kule Solai, Nakuru, bwawa la shamba lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40. Halikuwa Masinga wala Kiambere. Mabwawa ya umeme yana wahandisi wake. Haya madogo, ya shamba na ya kupunga upepo, huwa hayana mwenyewe mpaka siku ya mazishi.

Kwa Sheria ya Maji ya 2016, Mamlaka ya Rasilimali za Maji iko chini ya wizara yako. Kwa hiyo naomba uwaambie wananchi mhandisi alilikagua tuta hili lini mara ya mwisho na akaandika nini, maji yatafika wapi likipasuka, na ni nani aliyepewa kazi ya kuwaamsha watu wa Mukuru saa nane za usiku. Hili la mwisho lisijibiwe kwa jina la kamati. Tunataka cheo cha mtu na namba ya simu inayopokewa.

Ibara ya 35 ya Katiba inatupa haki ya habari hizi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 huipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, lakini habari inapohusu uhai wa mtu, muda ni saa 48. Hii inahusu uhai.

Kama ripoti ya ukaguzi ipo, itolewe, kwa Kiswahili pia, ibandikwe kwenye ofisi za machifu Kibera na Mukuru kabla ya mvua za Machi. Kama haipo, tuandikie hivyo kwa saini yako.

Wako,
Mkazi wa Nairobi