Jumamosi tumehamia ufuoni

Assalaam aleikum na hamjambo nyote.

Ukumbi tumeukosa, kuna harusi. Sasa tukutane Jumamosi saa 4 asubuhi ufuoni, kusini ya Nguzo ya Vasco da Gama. Ni bamvua, saa hiyo maji yatakuwa yamekupwa na mchanga umetanda.

Tutachora mchangani SESAME, sinkrotroni (mtambo wa pete unaozungusha elektroni, chembe ndogo mno, kwa kasi ili zitoe mwanga mkali) ya Yordani iliyofunguliwa 2017, kwa ukubwa wake halisi. Mzingo wake ni mita 133, basi kamba ya mita 21 na kijiti cha katikati vyatosha. Watoto watakuwa elektroni, wakimbie. Kwenye kila sumaku ya kupinda, na ziko 16, atasimama mtu na kioo ammulikie jua anayepita, maana elektroni zikipindishwa ndipo zinapotoa mwanga. (Pete yenyewe si duara kamili, ina vipande vilivyonyooka. Mwalimu wa fizikia, usinianze!)

Kisha tukae kivulini tujadiliane: Afrika haina sinkrotroni hata moja. Tukipewa kujenga yetu, tungeanza na nini? Mimi nasema mafundi kabla ya saruji, lakini njooni mnibishie.

Mahitaji:
1. Kamba: wenye ngalawa, tunawategemea.
2. Vioo vidogo 16.
3. Shilingi 150 kila mtu mzima, ya chai na mahamri, kwa mweka hazina.

Tafadhali andika NAJA au SIJI hapa, pamoja na idadi ya watoto, kabla ya Alhamisi saa 2 usiku. Atakayenyamaza, mahamri yake hayatapikwa.